Mguu wa Kulia wa Mzee Emojong

Shemeji yangu Emojong ndiye mtu pekee ninayemjua anayesalimia breki. Kila asubuhi akishaingia kwenye gari, kabla hajawasha injini, anaikanyaga pedali polepole, anaisikiliza kwa mguu, kisha anasema, "Yoga." Hiyo ni salamu ya Kiteso. Mimi Vivian, mdogo wa mke wake, mtu anayestahili heshima zote za ushemeji, hajawahi kunisalimia kwa upole huo hata siku moja. Na dada yangu Roselida, aliyemzalia watoto wote wale, naye alikuwa akiambulia mkoromo tu akiuliza kama amelala vizuri.

Usimwone mtu wa ajabu. Ana sababu zake. Alianza utanboi, ile kazi ya msaidizi wa dereva wa lori, akiwa hajaota ndevu, akilala juu ya magunia na kula anapokula dereva. Baadaye akashika usukani mwenyewe, akaendesha trela za Mombasa kuja Malaba, na kutoka Malaba kwenda Kampala, Kigali, hadi Juba. Mimi ninauza mitumba Malaba, kando ya foleni ya malori, kwa hivyo madereva wa trela ninawajua. Wengi wana maneno mengi kuliko mizigo. Emojong hana. Alikuwa akipita mbele ya kibanda changu, anainua mkono, anapiga honi fupi, basi. Nilikuwa nikimwambia dada kwamba mume wake amelala zaidi kwenye foleni ya Malaba kuliko alivyolala kwake, naye ananitupia kitambaa cha vyombo. Lakini ukweli haukuwa mbali. Alaso, binti yao mkubwa, alizaliwa baba yake akiwa Juba, na wadogo zake walizaliwa akiwa popote isipokuwa nyumbani.

Miaka hiyo yote dada yangu kazi yake ilikuwa kungoja na kuomba. Akisikia redio ikitaja ajali ya lori, anaacha ugali jikoni anaenda chumbani kupiga magoti. Ugali mwingi uliungua kwenye ile nyumba.

Goti lilipoanza kumsumbua, Emojong aliaga trela, akarudi Amukura, na kununua gari dogo la bluu lililokuwa limeshatumika na watu wengine. Dada akaliita Neema. Kwetu gari haliendi safari ya kwanza kabla ya kuombewa, kwa hivyo Neema alipelekwa kanisani, funguo zikainuliwa juu, akina mama wakaweka mikono kwenye boneti na kuomba mpaka rangi ikajaa alama za vidole. Emojong alisimama pembeni na kitambaa, akingoja Amina ili afute.

Gari la mtu mmoja kijijini ni la wote. Neema alibeba wajawazito, alibeba magunia ya mahindi, alibeba maharusi, na siku moja alibeba mbuzi wa mahari aliyekojolea kiti cha nyuma. Emojong hakumkatalia mtu. Ila alikuwa na sheria zake, na hapo ndipo wengi walimwona mkorofi. Hatoki kwenye lango kabla kila mtu hajafunga mshipi. Hapandishi watu zaidi ya viti. Na ukimhimiza aongeze mwendo, anakujibu kwa msemo wake uleule: "Injini ni ya kwenda. Breki ni ya kurudi nyumbani."

Mshipi ulikuwa vita kati yake na dada. Dada yangu akienda mahali pa maana huvaa gomesi, lile vazi la akina mama wa hapa mpakani lenye mabega yaliyosimama. Mshipi ukipita pale, bega moja linalala. "Baba Alaso, unataka nifike kwa watu kama nimetoka kupigana?" Naye anazima injini, anakunja mikono na kutazama mbele kama mtu aliyefika anakokwenda. Jogoo watapita, mbuzi watapita, mpaka dada avute mshipi akisonya. Ninaapa niliwahi kuwaona wakikaa hivyo hadi nikateremka nikaenda na bodaboda.

Basi siku moja taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani, ile ya breki, duara lenye alama ya mshangao katikati. Emojong aliifungua boneti, akatazama kikopo kinachotiwa mafuta ya breki, akaona kimepungua. Mtu mwingine angeongeza mafuta akaenda zake. Yeye anajua kwamba mafuta ya breki hayapungui bure, yana mahali yanapokwenda. Akampigia simu fundi wake, Austine wa Malaba, akaambiwa yuko matangani ng'ambo, upande wa Uganda. Fundi mwingine hakumtaka. Akatundika funguo kwenye msumari, akatangaza, "Neema ni mgonjwa. Hakuna mtu kutoka na yeye mpaka Austine arudi."

Shida ni kwamba shangazi yetu wa Chakol naye alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa kuita watu. Alikuwa amemtaja Roselida kwa jina. Dada akakaa siku nzima akitazama funguo ukutani.

Sasa, dada alikuwa na chupa ya mafuta ya upako. Aliyapata kwenye mkutano wa maombi Tororo, akayaficha kabatini nyuma ya sahani za wageni. Hutoa tone moja tu, la kumpaka mtoto anayeugua au mwanafunzi anayeenda kufanya mtihani. Siku ile Emojong alipokwenda shambani kufunga ng'ombe, dada alibeba chupa, akafungua boneti, akakitafuta kile kikopo alichokuwa akimwona mumewe akikitazama. Mgonjwa ni gari, na penye ugonjwa ni hapa. Akafungua kifuniko. Akaomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kisamia cha nyumbani, na kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkubwa, hakutia tone. Alimimina.

Asubuhi Emojong alipowasha gari, taa ilikuwa imezimika. Na kwa nini isizimike? Ile taa hutazama tu kama kikopo kimejaa. Haijui kimejaa nini.

"Nimeombea gari," dada akamwambia, uso unang'aa. Hakusema kumimina. Kwake kuomba na kumimina ni kitu kimoja, angeeleza ya nini?

Emojong alifungua boneti akaona kikopo kimejaa. Akakuna kichwa. Akajiambia pengine jana alikuwa ameegesha kwenye mteremko, mafuta yakalala upande mmoja, au macho ya uzee yamemdanganya. Akaikanyaga pedali, ikaitikia vizuri. Shangazi anangoja, mke amevaa gomesi tayari na, ajabu, amefunga mshipi mwenyewe. Mwanamume gani angeuliza swali lingine? Wakaenda Chakol, wakarudi salama. Austine aliporudi kutoka matangani akapiga simu, shemeji yangu akamwambia gari limepona.

Wiki zikapita. Shangazi naye akapata nafuu, akaanza kuagiza vitu. Siku ya kumpelekea unga na blanketi nilifunga kibanda mapema, wakanichukua Malaba, tukaenda wote watatu. Asubuhi ile, dada aliniambia baadaye, Emojong alikanyaga pedali akasema "Yoga," halafu akaikanyaga tena. "Leo imeitikia na usingizi," alisema. Dada akamjibu, "Baba Alaso, taa si ilizimwa na Mungu mwenyewe? Twende."

Wakati wa kurudi, tulikuwa tunateremka kilima kabla ya kufika Amukura. Chini kabisa palikuwa na daraja dogo, na kwenye daraja kundi la ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe akina mama wanaotoka sokoni na beseni kichwani. Mimi nilikuwa nyuma nasimulia habari za mteja wangu mmoja mjeuri. Nikaona goti la Emojong likishuka. Likashuka tena. Mguu ulikwenda mpaka chini bila kukutana na kitu.

"Shikeni," alisema. Sauti ileile anayotumia kuomba chumvi.

Injini ikalia alipoirudisha gia ya chini. Mkono wa kushoto ukaanza kuivuta breki ya mkono, kidogo, anaachia, anavuta tena, na mguu unapiga pedali huku honi haikatiki. Dada aliita jina la Yesu. Mimi niliita majina ambayo siwezi kuyaandika. Ng'ombe hawakuwa na haraka. Akina mama walikuwa wamegeuka kututazama, na niliona uso wa mmoja wao, ninaukumbuka mpaka leo, anatabasamu akidhani tunamsalimia.

Emojong akakata usukani tukaingia kwenye miwa. Ilipiga vioo, ikapiga mlango, ikavunjika chini yetu kwa mlio mrefu, kila mstari ukitupunguzia mwendo, mpaka Neema akasimama mwenyewe katikati ya shamba, na majani yakatufunika.

Tulikuwa wazima, wote. Mshipi ulikuwa umelichana gomesi la dada begani, na chini ya kitambaa ngozi imewiva, lakini kichwa chake hakikugusa kioo. Alitoka na majani kwenye nywele, akapiga magoti palepale kwenye udongo, akaanza kushukuru. Mimi nilikaa chini nikalia bila haya. Emojong hakutoka. Nilipochungulia ndani nilimkuta mikono iko juu ya usukani, mwili umetulia kabisa, ila mguu wa kulia unatetemeka peke yake, naye anautazama. Nilimpenda sana shemeji yangu saa ile.

Mwenye miwa alikuwa Apeduno, kiongozi wa kwaya kanisani kwa dada. Alikuja mbio na panga, akipiga kelele kutoka mbali. "Nani ameingia kwa miwa yangu na gari? Hamkuona barabara?" Alipoona ni nani, panga likaanguka. Akamshika dada wakalia pamoja, halafu akatuletea maji. Habari ya miwa hakuitaja tena, ingawa tuliilaza mingi.

Gari lilivutwa kwa trekta mpaka kwa Austine. Nilikuwepo, kwa sababu gereji yake haiko mbali na kibanda changu na kwa sababu nilitaka mtu wa kumgombeza. Austine alifungua, akatoa vile vipira vidogo vya ndani ya breki, akaviweka kwenye kiganja. Vilikuwa vimevimba na kulegea kama maandazi yaliyoanguka kwenye chai. Akachovya kidole kwenye kikopo, akanusa.

"Mzee," alisema, "hapa kuna mafuta ya kupika ama ya kujipaka. Hii si mafuta ya breki. Inafurisha rubber, halafu breki inaisha. Nani aliongeza?"

Emojong aliangalia kikopo, akaniangalia mimi. Sikuhitaji kuambiwa. Chupa ya nyuma ya sahani niliijua, na harufu yake niliijua, nilipakwa kwenye paji la uso nilipoenda kuanza biashara.

"Ni mimi," Emojong akamwambia Austine. "Macho imezeeka."

Austine alitikisa kichwa, maana hajawahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwa mtu huyu, lakini akaendelea na kazi. Nilimvuta shemeji nje.

"Unamdanganya fundi kwa sababu gani? Twende nyumbani tumwambie Roselida. Karibu atuue!"

"Shemeji, hii maneno ibaki hapa."

"Haiwezi kubaki! Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Wewe mwenyewe ndiye unasema breki ni ya kurudi nyumbani."

"Na tumerudi." Aliketi kwenye tairi kuukuu, akanyoosha lile goti lake. "Vivian, yeye anaamini ni Mungu alitushika na mkono. Mimi nikimwambia ni mkono yake iliharibu, sasa yeye atashika nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mimi ni mtu wa majibu. Lakini alikuwa ameniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi, basi nikageuka niende zangu. Nilikasirika njia nzima kurudi kibandani, na mteja wangu mjeuri alipokuja, alikiona cha mtema kuni.

Jumapili iliyofuata dada alisimama kutoa ushuhuda, na mimi, Mkatoliki baridi, nilikwenda kusikiliza. Alisimulia yote. Taa ilivyowaka, alivyochukua upako, alivyomimina kwenye kikopo, taa ilivyozimika. Halafu shetani alivyoiba breki njiani, na Mungu akatuma miwa. Kanisa lilisimama. Watu walirukaruka. Emojong alikuwa kiti cha nyuma kabisa akitazama viatu vyake.

Kuanzia siku ile dada yangu akawa na kazi. Vijana wa bodaboda walileta pikipiki, akawapaka tone kwenye usukani, na hilo halikudhuru mtu. Mwalimu mmoja alileta baiskeli. Nilicheka na kumwacha. Emojong naye kila siku aliniambia atazungumza na dada jioni, na jioni ikifika anakunywa chai yake na kwenda kufunga ng'ombe.

Kisha mto Nzoia ulifurika Budalang'i, na kanisa likakusanya nguo na unga wa kuwapelekea watu wa Rukala. Nilitoa fungu langu la mitumba nikaipeleka mwenyewe. Nilikuta matatu ya kukodi imeegeshwa uwanjani, kwaya nzima imevaa sare, akina mama wengine na watoto wachanga mgongoni, na dereva, Okwara, anafunga mizigo. Boneti ilikuwa wazi.

"Mama Alaso!" Apeduno alikuwa anaita. "Njoo utie mafuta kama ile yenu. Barabara ya huko ni mbaya."

Dada alikuwa tayari anakuja na chupa, gomesi jipya, mwendo wa mtu anayejua anangojwa. Nilimtafuta Emojong kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa. Nilimwangalia tu. Nadhani uso wangu ulisema yote, maana alianza kutembea, akichechemea kwa haraka, akafika kwenye boneti kabla ya mke wake.

"Ngojeni kwanza," alisema, tena akitabasamu, mtu asiyetabasamu mbele ya watu. "Mimi nimeendesha miaka mingi. Chuma haina dhambi. Breki inakanyagwa na mguu. Mama, mpake dereva mguu ya kulia."

Uwanja ulicheka. Okwara alikataa, akasukumwa, akavua kiatu, na soksi yake ilikuwa na tundu ambalo kidole kilipita chote. Wakacheka zaidi. Dada naye alicheka, akainama, akampaka mguu, akamwombea. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, mzee mjanja huyu.

Lakini dada yangu akimaliza jambo moja hugeukia la pili. Alinyooka, akafungua tena chupa. "Haya, mguu tumemaliza. Sasa gari." Akanyoosha mkono kwenye kile kikopo.

Emojong akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Hapana, mama."

"Toa mkono, Baba Alaso. Watu wanachelewa."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Aliangalia wale watoto mgongoni mwa mama zao. "Kwa sababu hiyo mafuta," alisema polepole, "ndiyo iliua breki yetu."

Hakupaza sauti, lakini uwanja wote ulisikia. Apeduno alishika mdomo. Dada alimtazama mumewe, akatazama chupa, akanitazama mimi, na usoni kwangu akaona kwamba nilijua. Akafunga kifuniko, akakikaza. Akageuka, akaanza kutembea kwenda nyumbani kwa miguu, mabega ya gomesi yamesimama kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Neema alikuwa pale pale, na breki mpya. Emojong hakuingia. Alimfuata mke wake kwa miguu, na lile goti, akiwa nyuma yake mbali kidogo. Emojong alipokuwa akisimama kupumzika, dada hakusimama, wala hakugeuka. Nilipanga mitumba yangu kwenye matatu, kwaya ikaondoka salama, kisha nami nikaenda.

Niliwakuta jikoni. Dada ameketi kwenye kigoda, chupa iko sakafuni mbele yake. Emojong amesimama mlangoni.

"Ulijua tangu lini?" dada akauliza.

"Tangu kwa Austine."

"Na wewe, Vivian?"

"Siku hiyo hiyo, dada."

"Mkaniacha nisimame mbele ya watu nishuhudie. Nimepaka pikipiki za watoto wa watu. Leo ningemimina kwa ile gari, na wale wote ndani. Wewe Emojong ungeniacha nibebe hiyo?"

Hajawahi kumwita kwa jina mbele yangu. Mimi nilitaka sakafu inimeze.

"Nilikosa," shemeji yangu akasema. "Nilikosa sana. Kila jioni nilitaka kusema, mdomo inakataa."

"Kwa nini inakataa? Mimi ni simba?"

Akaja, akaketi chini sakafuni, kwa shida, mguu umenyooka, karibu na ile chupa.

"Nilikuwa barabarani miaka yote," alisema. "Wenzangu wengi walibaki huko. Wengine breki zao zilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi kila mara narudi. Nakuta umechoma ugali, najua ulikuwa umepiga magoti. Sasa mimi nitajuaje ilikuwa breki ama ilikuwa wewe? Mimi niliogopa nikikuambia hii, utaacha kuomba. Na mimi bado naendesha."

Dada yangu alilia. Si kilio cha hasira. Aliweka mkono kwenye lile goti bovu akauacha hapo, na mimi nikatoka nje kwenda kutazama ng'ombe, ng'ombe ambao sina haja nao.

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani. Nilikuwepo, maana hiyo singekosa. Watu walikuwa wamejiinamia, wengine wanaogopa kumwangalia. Alisimama wima, gomesi lilelile lililochanika, ameshona bega kwa uzi wa rangi isiyofanana.

"Nilisimama hapa nikasema Mungu alituokoa na shetani," alisema. "Nimekuja kurekebisha. Shetani hakuwa hapo. Mungu alituokoa na mimi."

Apeduno akaanza kucheka, cheko la machozi, na dada mwenyewe akacheka, na likawa kanisa zima. "Gari peleka kwa fundi," alimalizia, akiwanyooshea kidole vijana wa bodaboda. "Mafuta ni ya watu." Amina iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Emojong aliitikia kwa sauti nikamsikia kutoka kwenye kiti changu.

Siku hizi nikilala kwao ninaamka mapema ili nione. Emojong hufungua boneti, anatazama kikopo chake, anafunga. Anaketi kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi, anavua kiatu cha kulia. Dada anatoka jikoni na chupa, anainama, anadondosha tone moja juu ya mguu, anausugua kuanzia kwenye kisigino mpaka vidoleni, midomo yake ikienda. Kisha anaufuta na kitambaa, anaufuta vizuri kabisa, na wayo anaurudia, usije ukateleza kwenye pedali. Anazunguka upande wake, anaketi, anavuta mshipi juu ya bega la gomesi bila kusonya.

Mzee anavaa kiatu. Anamgeukia dada, anasema, "Yoga." Halafu ndipo anaikanyaga breki.